Kudai Fidia ya VA kwa Magoti, Mgongo na Viungo: Mwongozo kwa Waliovua Magwanda

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu aliingia jeshi la Marekani akiwa kijana kutoka Kisumu, Moshi au Bukavu, baadhi yao kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza mwishoni mwa 2008 na kuwafungulia mlango wageni wenye lugha zilizotakiwa, Kiswahili kikiwemo. Akabeba mizigo, akakimbia kilomita zake, akaruka kutoka kwenye malori, akavua magwanda. Sasa anaendesha lori au analaza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na goti linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Nasikia VA wanalipa. Naanzia wapi?"

Anzia hapa. VA ni idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliowahi kuwa wanajeshi wake. Mwongozo huu ni wa aliyetumikia jeshi la Marekani peke yake. Kama ulikuwa KDF au JWTZ, taratibu zenu ni nyingine kabisa na fomu hizi hazitakufaa.

Kabla ya yote, niseme kitu kinachotuponza sisi kuliko wenzetu. Mswahili mgonjwa, hata awe hoi kitandani, akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo". Halafu ndipo anaongeza: "ila goti tu." Kwetu ni adabu. VA huandika nusu ya kwanza. Nimesoma faili ambazo mtu alikwenda zahanati ya kikosi mara moja tu katika miaka sita, na hata siku hiyo akasema amepata nafuu. Kazi yako katika hatua zote zinazofuata ni kuhakikisha ile "ila" imeandikwa.

Unachohitaji kabla hujaanza

- DD-214, cheti chako cha kutoka jeshini. Kuachishwa kwa aibu hukufungia mlango. Uraia si sharti. Mwenye green card naye hudai.
- Rekodi za matibabu ya jeshini. VA wataziomba wenyewe, lakini omba nakala yako pia kwa fomu SF-180, inayopelekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis. Utaona humo mambo uliyoyasahau.
- Rekodi za hospitali ulizotibiwa baada ya jeshi, pamoja na picha za eksirei au MRI na maelezo yake.
- Akaunti ya VA.gov. Utaingilia kwa Login.gov au ID.me.
- Namba ya Social Security, akaunti ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Wategemezi huongeza malipo kuanzia kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 kwenda juu.
- Daftari la shilingi mia. Nitaeleza.

Ukiwa bado uko jeshini, usingoje utoke. Kuna mpango unaoitwa BDD unaokuruhusu kuwasilisha dai kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya tarehe ya kuondoka. Ukiwa ndani ya dirisha hilo, litumie.

Hatua ya 1: Weka nia leo

Fomu 21-0966 ni ya kutangaza nia ya kudai. Haina maelezo marefu. Inachofanya ni kushika tarehe: ukipeleka dai kamili ndani ya mwaka mmoja, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku uliyoweka nia badala ya siku uliyomaliza makaratasi. Unaweza kuiweka kwa simu 1-800-827-1000, au kuanza dai la ulemavu ndani ya VA.gov ukiwa umeingia kwenye akaunti, na tarehe itashikwa yenyewe.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka nia halafu kusahau. Mwaka ukipita, tarehe imekufa. Iandike ukutani.

Na kama umetoka jeshini hivi karibuni, jua kwamba dai linalofika ndani ya mwaka mmoja wa kutoka linaweza kuhesabiwa tangu siku inayofuata ile uliyovua magwanda.

Hatua ya 2: Taja kila kiungo kwa jina lake

"Maumivu ya viungo" si dai. "Goti la kulia" ni dai. "Kifundo cha mguu wa kushoto" ni dai jingine. VA hupima kiungo kimoja kimoja na kukipa asilimia yake, kwa hiyo chukua daftari, anza kichwani ushuke hadi nyayoni: shingo, bega la kulia, bega la kushoto, kiwiko, kifundo cha mkono, mgongo wa chini, nyonga, magoti, vifundo vya miguu.

Usijaze orodha ili ionekane ndefu. Andika kile kinachouma kweli na unachoweza kueleza kilianzaje.

Hatua ya 3: Pata jina la ugonjwa kutoka kwa daktari

Bila ugonjwa au tatizo la sasa hakuna fidia. Nenda kwa daktari, omba eksirei. Majina mawili utakayokutana nayo zaidi ni yabisi ya kulika kwa gegedu, ambayo VA huipa namba 5003, na yabisi iliyotokana na jeraha, namba 5010. Ile yabisi ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyenyewe ina njia yake, namba 5002, na vipimo vyake ni vya damu pia.

Mtu huuliza: je, kama eksirei haionyeshi kitu na goti linauma? Dai usiliache. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Saunders, iliamua kwamba maumivu yanayopunguza uwezo wa kiungo yanaweza kuhesabika kuwa ulemavu hata pasipo jina la ugonjwa. Ila ni mlima mkali zaidi kuupanda, na jina la ugonjwa linakupunguzia mwinuko.

Aliyepelekwa Iraq, Kuwait au nchi nyingine za ukanda ule tangu Agosti 2, 1990 ana njia ya ziada: maumivu ya muda mrefu ya viungo ambayo madaktari wameshindwa kuyapa jina yamo kwenye orodha ya dalili za vita vya Ghuba. Tofautisha na sheria ya PACT ya 2022, ile ya magonjwa ya moshi na sumu. Wengi wananiambia "mimi nilivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, kwa hiyo goti langu limo." Halimo. Yabisi si ugonjwa wa orodha ile.

Hatua ya 4: Funga kamba kati ya jeshi na kiungo

Hapa ndipo madai mengi hufia. Lazima kuwe na tatizo la sasa, tukio au mzigo wa kazi jeshini, na kamba inayoviunganisha. Kamba hiyo hupatikana kwa njia hizi:

*Moja kwa moja.* Ulianguka mazoezini 2013, ukatibiwa, goti halijapona mpaka leo.

*Ndani ya mwaka mmoja.* Yabisi ni miongoni mwa magonjwa sugu ambayo sheria huchukulia kuwa yametokana na jeshi yakijitokeza kwa kiwango cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja tangu utoke, mradi ulitumikia angalau siku 90 mfululizo. Kwa sababu hiyo nawaambia vijana: mwezi wa kwanza baada ya kutoka, nenda upigwe eksirei ya kila kinachouma. Karatasi ya mwaka ule wa kwanza ni dhahabu.

*Kiungo kimoja kuharibu kingine.* Goti la kulia tayari limekubaliwa, umechechemea miaka kumi, sasa nyonga ya kushoto na mgongo vimelalamika. Hilo ni dai halali, na watu wengi hawalijui.

*Jeshi kuzidisha kilichokuwepo.* Uliingia na bega bovu kidogo, ukatoka nalo bovu sana.

Kwa njia hizi, barua ya daktari husaidia mno. VA hawadai uhakika kamili. Daktari aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa tatizo limetokana na jeshi, aseme amesoma rekodi zako, na aeleze *kwa nini*. Barua ya mstari mmoja isiyo na sababu haina uzito.

Mliokuwa Guard au Reserve, yaani vikosi vya akiba: tafuteni amri ya kuitwa kazini na karatasi ya uchunguzi wa jeraha la kazini. Jeraha la wikendi ya mazoezi linahesabika, lakini lazima uonyeshe ulikuwa kazini siku ile.

Hatua ya 5: Andikisha mashahidi

Fomu 21-10210 ni ya ushahidi wa mtu wa kawaida. Mke, mume, rafiki wa kikosini, jirani, wote wanaweza. Shahidi haambiwi aseme ugonjwa; asimulie alichokiona.

Ushahidi dhaifu: "Mume wangu ana maumivu makali sana ya magoti na anateseka."

Ushahidi wenye nguvu: "Tulioana 2012. Alikuwa akisali kwa kusujudu. Tangu 2017 anasali kitini. Mwaka jana tulikwenda Tanga kwa mazishi, nyumba ilikuwa na choo cha kuchuchumaa, ikabidi kaka yake amshike mikono kila mara ili ainuke."

Unaona? Maisha yetu yamejaa vipimo vya goti ambavyo mpimaji wa Ohio hatavifikiria kuuliza: kukaa mkekani, kupiga magoti kanisani, kuchuchumaa kuwasha jiko, kuinama kuosha sufuria ya pilau msibani. Viandike. Maelezo yawe ya Kiingereza, au weka tafsiri pamoja na asili.

Wewe mwenyewe andika yako. Na kama jeshini hukwenda zahanati, usiruke swali hilo. Eleza sababu: sajini alisema wanaokwenda kulala zahanati ni wavivu, uliogopa kukosa kozi, ulikuwa unamsubiri afisa akusainie karatasi za uraia. Ukimya usioelezwa utasomwa kama uzima.

Hatua ya 6: Jaza 21-526EZ na uitume

Njia rahisi ni VA.gov. Kwa posta hupelekwa kwenye kituo cha kupokea ushahidi, P.O. Box 4444, Janesville, Wisconsin 53547-4444. Kama rekodi ziko hospitali binafsi na huwezi kuzipata mwenyewe, ambatisha 21-4142 na 21-4142a ili VA waombe kwa niaba yako.

Msaada upo bure. DAV, VFW na American Legion, vyama vya wanajeshi wa zamani, wana watu waliosajiliwa na VA, na hawakutozi. Tahadhari: kwa dai la mara ya kwanza hakuna mtu anayeruhusiwa kukutoza ada ya kuliandaa na kuliwasilisha. Wakili aliyesajiliwa huruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi kutoka, si kabla. Anayekupigia akiahidi asilimia 100 kwa mgawo wa mafao yako ya miezi kadhaa ni papa, hata kama anaongea Kiswahili safi na mnatoka kijiji kimoja.

Hatua ya 7: Siku ya uchunguzi

VA watakuita kwenye uchunguzi wa C&P, yaani wa kupima ulemavu wako kwa ajili ya fidia, mara nyingi kupitia kampuni waliyoipa kazi. Pokea simu za namba usizozijua wiki hizo. Ukishindwa kufika, piga mapema uombe siku nyingine. Usipofika bila sababu, watakata shauri kwa karatasi zilizopo.

Huyu mpimaji hakuandikii dawa, amekuja kupima. Atakuwa na kipimapembe, kifaa kama rula mbili zilizoungwa kwa msumari, na atakisoma kwa nyuzi. Fahamu namba zinazokuhusu. Goti zima hukunjika mpaka nyuzi 140. Likikomea 45 ni asilimia 10, 30 ni asilimia 20, 15 ni asilimia 30. Likishindwa kunyooka na kubaki limepinda nyuzi 10 ni asilimia 10, nyuzi 15 ni 20, nyuzi 20 ni 30. Kwa mgongo wa chini, ukiinama mbele na kukomea kati ya nyuzi 30 na 60 ni asilimia 20; ukikomea 30 au chini yake ni 40.

Ukizitazama namba hizo utakata tamaa, maana goti lako pengine linafika 100. Tulia. Kanuni iitwayo 4.59 inasema kiungo kinachouma kinaposogezwa kinastahili angalau kima cha chini cha kulipwa, ambacho kwa goti ni asilimia 10. Kwa hiyo swali kubwa si goti limefika wapi, ni maumivu yameanzia wapi. Na hapo ndipo mazoea ya jeshi yanapokuangusha: umefundishwa kukaza meno na kumaliza zoezi. Siku hii, maumivu yakianza kwenye nyuzi 70, sema "hapa" papo hapo, kwa sauti. Uso uliokunjwa kimyakimya hauandikwi.

Mambo mengine ya siku hiyo:

Akikuuliza hali, usijibu "sijambo" ya Kiingereza. Nilifanya hivyo mimi. Ripoti ilianza kwa kusema mdai anajisikia vizuri, na ilinichukua rufaa nzima kuifuta sentensi hiyo. Jibu: "Leo ni siku ya wastani. Jana sikuweza kupanda ngazi."

Eleza siku maumivu yanapochachamaa. Tangu kesi ya Sharp ya 2017, mpimaji anatakiwa kukadiria unavyopungukiwa siku hizo hata kama leo si mojawapo. Hapa ndipo daftari linafanya kazi: kwa miezi miwili kabla, andika tarehe, maumivu yalidumu kwa muda gani, na nini hukuweza. "Mara tatu kwa mwezi, siku mbili kila mara, silikunji hata nusu, siendi kazini" ni jibu. "Mara kwa mara" si jibu.

Mwambie kama goti linatetereka au kukuangusha. Kutetereka hupewa asilimia yake mbali na ile ya kukunja, nami nimeona watu wakitaja maumivu tu na kupoteza nusu ya haki yao.

Mweleze dawa ulizomeza asubuhi hiyo. Nenda na fimbo, bandeji au mshipi wa goti kama huvitumia kweli.

Usiigize. Wanakuona tangu unaposhuka kwenye gari, na wamewaona wachechemeaji wa saa moja wengi kuliko unavyodhani.

Ukirudi nyumbani, andika mara moja: alitumia dakika ngapi, alitumia kipimapembe au alikisia kwa macho, aliuliza siku za kuchachamaa au hakuuliza.

Hatua ya 8: Soma barua ya uamuzi hadi mwisho

Watu husoma asilimia na kutupa barua. Soma sehemu ya sababu, na uitafute orodha ya mambo waliyoyakubali. Wakiandika humo kwamba tukio la jeshini limekubaliwa, huna haja ya kulithibitisha tena. Elekeza nguvu kwenye kilichobaki.

Hesabu ya VA si ya dukani. Asilimia 30 na 20 hazifanyi 50. Wanaanza na mtu mzima wa 100, wanatoa 30, inabaki 70. Asilimia 20 ya 70 ni 14. Jumla 44, ambayo hushushwa kuwa 40. Magoti yote mawili, au mikono yote miwili, hupata nyongeza ndogo ya sehemu ya kumi ya jumla yao. Kwa viwango vya 2025, asiye na wategemezi alipata dola 175.51 kwa mwezi kwa asilimia 10, dola 346.95 kwa 20 na dola 537.42 kwa 30. Hayakatwi kodi ya mapato.

Mambo yakikwama

*"Wamesema hakuna ugonjwa wa sasa."* Huenda mpimaji hakupiga eksirei. Ipige mwenyewe, kisha peleka dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Fomu hii inataka ushahidi mpya unaohusika.

*"Wamesema hakuna rekodi ya jeshini."* Hiyo nayo ni 20-0995, ukiambatisha ushahidi wa rafiki wa kikosi aliyekuwepo na barua ya daktari.

*"Ushahidi upo wote, wamekosea kusoma."* Tumia 20-0996 ili mwamuzi wa ngazi ya juu alipitie upya. Hapa huruhusiwi kuongeza karatasi, kwa hiyo usiichague kama una kitu kipya mkononi. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu na mwamuzi. Omba, na mwonyeshe ukurasa wenye kosa.

*"Nataka jaji."* Fomu 10182, kwenye Bodi ya rufaa ya VA. Kusubiri ni kurefu, hasa ukitaka kusikilizwa ana kwa ana.

Kwa njia zote hizo una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ili kulinda tarehe yako ya mwanzo. Dai la nyongeza unaweza kulipeleka hata baada ya hapo, ila miezi ya nyuma utakuwa umeipoteza.

*"Wamenipa asilimia 0."* Usilie. Sifuri maana yake wamekubali kwamba jeshi ndilo lililosababisha, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kiungo kikizidi kuharibika utaomba kuongezewa tu.

*"Nimebadilishwa goti."* Baada ya upasuaji wa goti bandia kuna kipindi cha asilimia 100 cha miezi minne, na baadaye hushuki chini ya 30 kwa goti hilo. Wajulishe VA mapema. Hawatajua wenyewe kama ulipasuliwa hospitali binafsi.

*"Nimerudi nyumbani Afrika Mashariki."* Fidia inakufuata popote. Uchunguzi unaweza kupangwa nje ya Marekani, na matibabu ya kiungo kilichokubaliwa hulipiwa kupitia mpango wa VA wa tiba za ng'ambo, FMP. Jisajili nao kabla hujatibiwa, na kila risiti ya hospitali iwe na jina la ugonjwa, tarehe na kiasi, maana risiti ya maandishi ya mkono isemayo "dawa" peke yake itarudishwa.